Shajara ya mradi: uzio wa kanuni za kikoba

Jumatatu, 3 Machi 2025

Leo nimeianza kazi niliyokuwa naikwepa tangu Januari. Programu yetu ya vikoba inatumiwa na vikundi vitatu hapa Morogoro, na kila kikundi kina kanuni zake. Cha kwanza kinatoza faini ya Sh 500 kwa anayechelewa mkutano. Cha pili kinatoza Sh 1,000, ila mtu hahesabiwi kachelewa mpaka zipite dakika 15. Cha tatu hakimtozi aliyefiwa, wala aliyejifungua ambaye hajatimiza siku 40. Mpaka sasa katibu akitaka kanuni ibadilike ananipigia simu, nafungua msimbo, narekebisha, napeleka toleo jipya. Vikundi vitatu naviweza. Vikifika thelathini sitalala.

Mpango ni huu: kanuni za kila kikundi zikae kwenye faili lake, ziandikwe kwa Lua (lugha ndogo ya kuandikia programu), na programu izisome na kuziendesha. Faili lenyewe halitishi:

```
function faini(m)
  if m.udhuru then return 0 end
  if m.dakika > 15 then return 1000 end
  return 0
end
```

Katibu wa kikundi cha pili ni mama mtu mzima aliyefundisha hesabu shule ya msingi kwa miaka mingi. Jumamosi nilimwonyesha mistari hiyo, akaisoma mwenyewe, maneno ya Kiingereza akayaelewa kwa kuyaona yalipokaa. Akaniuliza jambo moja tu: "Sasa mwanangu, mtu akiandika humo vibaya, au akaandika kwa ubaya, hela zetu zitakuwa salama?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe mwezi mmoja.

Kwa nini Lua? Ilizaliwa mwaka 1993 kwenye chuo kikuu cha PUC-Rio, Rio de Janeiro, kwa mikono ya Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, na imekusudiwa kuishi ndani ya programu nyingine kama mpangaji ndani ya nyumba. Mwenye nyumba ndiye anayeamua mpangaji apate funguo zipi. Wikipedia inaitumia hivyo tangu 2013: wahariri wanaandika moduli za Lua, zinaendeshwa kwenye seva za Wikipedia zenyewe, na ukurasa mmoja una kikomo cha muda na cha kumbukumbu. Wao wanapokea msimbo wa watu wasiowajua kabisa. Python niliifikiria pia, ila Python ilikuwa na moduli yake ya kufungia msimbo, `rexec`, ikafungwa kwenye toleo 2.3 kwa sababu njia za kuitoroka hazikuisha. Nimeona nisianzie pale waliposhindwa wenyewe.

Jumanne, 4 Machi

Mahali pa kuufungia msimbo wa mgeni usiguse vingine, wenye fani wanapaita sandiboksi. Sisi ofisini tumezoea kusema uzio, na ndivyo nitakavyoandika.

Uzio wa Lua unasimama juu ya kitu kimoja kizuri sana. Jina lolote ambalo hukulitangaza kwa `local` ni sehemu ya jedwali, yaani orodha ya majina na thamani zake. Ukiandika `faini`, Lua inasoma `_ENV.faini`. Na hilo `_ENV` ni jedwali kama majedwali mengine. Anayepakia hati (hapa, faili la kanuni) ndiye anayechagua lipi. Kwa hiyo mgeni nampa jedwali lenye vitu ninavyotaka avione. Akiandika `os.remove`, amri ya kufuta faili, anaambiwa `os` ni nil, yaani hakuna kitu, kana kwamba Lua haijawahi kuwa na kitu hicho.

Maelezo mengi ya zamani yanatumia `setfenv`. Hiyo iliondoka na toleo 5.2, Desemba 2011. Sisi tuko 5.4, na kazi yote inafanywa na `load`:

```
local mazingira = {
  math = math, string = string,
  pairs = pairs, ipairs = ipairs, tostring = tostring
}
local hati = load(maandishi, "=kanuni", "t", mazingira)
```

Ile `"t"` ni ndogo lakini usiiache. Inasema pokea maandishi tu. Bila hiyo `load` inapokea pia baitikodi, yaani hati iliyokwisha kusagwa, na Lua haikagui kama baitikodi imepangwa sawasawa. Aliyeitengeneza kwa nia mbaya anaweza kuiangusha injini nzima, yaani ile Lua inayoendesha hati.

Nimeandika orodha ya vinavyoruhusiwa, sikuandika ya vinavyokatazwa. Anayeondoa vibaya kimoja kimoja siku moja atasahau kimoja. Mwaka 2022 Redis (programu ya kuhifadhi data), kama ilivyofungashwa na Debian (mfumo wa aina ya Linux), ilikutwa na jina moja lililobaki ndani ya uzio wake wa Lua: `package`. Kwa jina hilo mtu aliweza kupakia maktaba ya C (msimbo wa lugha ya C, ulio nje ya uzio) na kuendesha amri kwenye mashine. Kosa hilo lina namba CVE-2022-0543 na lilipewa ukali wa 10 kati ya 10. Jina moja tu.

Jioni nililala nikiwa na furaha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimempa mwenzangu wa ofisini kazi ya kuwa katibu mbaya. Kwa kuwa ni Ramadhani, anaondoka mapema kwenda kuandaa futari, halafu ananitumia majaribio yake baada ya tarawehe. Jana saa nne usiku simu ikaita: "Kaka, fungua kompyuta. Nimeshatoka."

Faili lake la kanuni lilianza hivi:

```
local asili = string.format
nimeona = {}
function string.format(...)
  nimeona[#nimeona + 1] = asili(...)
  return asili(...)
end
```

Nilisoma mara mbili kabla sijaelewa. Mazingira ni mapya, ndiyo, lakini niliandika `string = string`. Jedwali la maktaba ya maneno alilopewa mgeni ni lilelile linalotumiwa na programu yetu. Alipobadilisha `format` ndani ya uzio, ilibadilika na nje. Na programu yetu inachapa stakabadhi kwa `string.format`. Kwa hiyo kila stakabadhi ya kila kikundi ilipita mikononi mwake kwanza, naye akaweka nakala. Akanionyesha kwenye skrini, kwa data zetu za majaribio: kanuni ya faini ya kikundi cha pili imeshika jina la mwanachama wa kikundi cha kwanza na mkopo wake wa Sh 350,000.

Hakuiba chochote kilichokatazwa. Nilimkabidhi mimi. Kwenye kikoba, deni la mtu linajulikana na kikundi chake na basi. Likivuja kwa jirani, kikundi kinavunjika kabla hata senti haijapotea. Hili limenikaa moyoni kuliko mengine yote ya wiki hii.

Dawa ya haraka: kila maktaba inakopiwa funksheni (kipande cha msimbo chenye jina, kama `format`) moja moja kwenye jedwali jipya kabla ya kuingia ndani. Nimefanya, nimejaribu, imeshika.

Ijumaa, 7 Machi

Haikushika sana. Leo amenitumia mstari mmoja, na akasema nimpe mazingira matupu kabisa, `{}`, bila jina hata moja:

```
local x = ("a"):rep(1e9)
```

Unairudia herufi `a` mara bilioni moja. Umekubali. Kwenye mazingira matupu! Kumbe kila neno (mfuatano wowote wa herufi) katika Lua lina metajedwali, yaani jedwali la pembeni linaloiambia Lua kitu kitendewe vipi, na metajedwali hiyo inaelekeza kwenye maktaba ya `string`. Ukiwa na neno lolote, hata `""`, umeshika kamba inayokufikisha kwenye maktaba nzima, na `_ENV` haihusiki popote kwa sababu hukutaja jina lolote. Seva yetu ya majaribio ina GB 1 ya kumbukumbu. Herufi bilioni moja hazikai humo. Linux ikaiua programu.

Basi nimekubali kwamba kanuni za wageni haziwezi kukaa kwenye injini moja na programu yetu. Kuanzia leo kila kikundi kinapata injini yake, inafunguliwa kwa C, inaendesha kanuni, inafungwa. Ndani yake nafungua maktaba ya msingi, ya `string` na ya `math`, basi. Halafu `rep` na `dump` (inayotoa baitikodi) nazifuta kwenye jedwali lenyewe la `string`, si kwenye nakala. Kwa kuwa injini ni ya mgeni peke yake, kuzifuta humo hakumgusi mtu. Akiharibu `format` sasa ameharibu ya kwake, na inakufa naye.

Lakini nimeandika pembeni ya daftari: `x = x .. x`, yaani neno kuunganishwa na lenyewe, mara 30 kutoka herufi moja ni herufi 1,073,741,824. Hakuna funksheni ya kufuta hapo. Kumbukumbu inataka kikomo chake.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbili kwenye kigawa kumbukumbu. Lua inakuruhusu kuipa funksheni yako ya C ambayo itaiomba kila baiti inayoihitaji. Unahesabu, na ikizidi unarudisha NULL, yaani "hakuna". Lua kwanza inamwita mzoataka (sehemu yake inayofuta visivyotumika tena) ajaribu kupata nafasi, akikosa inatoa kosa la kumbukumbu haitoshi, na hati inakufa kistaarabu. Nimeweka MB 8 kwa kila injini. Kanuni za faini hazifikii hata robo ya MB moja.

Hesabu yangu ilikuwa rahisi: jumla, toa ukubwa wa zamani, jumlisha ukubwa mpya. Injini ikifungwa, jumla irudi sifuri. Nikachapa jumla ya mwisho. Ikatoka namba ya tarakimu 20 inayoanza na 1844.

Anayeijua C ataitambua namba hiyo: ni hesabu isiyokubali hasi iliyoshuka chini ya sifuri ikazunguka kurudi juu. Maana yake nilikuwa natoa zaidi ya nilichoweka. Nilitafuta jana nzima. Nilishuku injini, nikashuku kompaila, nikamshuku mwenzangu. Leo asubuhi nimerudi kwenye mwongozo wa Lua nikausoma polepole: pale kigawa kinapoombwa kitu kipya kabisa, ule "ukubwa wa zamani" si ukubwa. Ni namba inayotaja aina ya kitu kinachozaliwa. Neno ni 4, jedwali ni 5, funksheni ni 6. Mimi nilikuwa natoa 4 kwa kila neno lililozaliwa na 5 kwa kila jedwali. Kidogo kidogo, kama gunia lenye tundu. Mgeni anayezalisha majedwali mengi angepata kumbukumbu zaidi ya MB 8 na mimi nisijue.

Nimeongeza sharti moja: kama kielekezi (anwani ya kitu cha zamani kwenye kumbukumbu) ni NULL, ukubwa wa zamani ni sifuri. Jumla ya mwisho sasa ni 0. Nimeichapa mara tano kwa kuiangalia tu.

Alhamisi, 13 Machi

Muda. Hapa ndipo nimekaa zaidi, na ndipo nimejifunza kitu ambacho ningependa kila anayejenga uzio wa namna hii akijue mapema: mazingira yanatawala majina. Hayajui lolote kuhusu saa. `while true do end` haina jina hata moja ndani yake.

Lua ina ndoano: unaiambia baada ya kila maagizo kadhaa iite funksheni yako. Nilianza na `debug.sethook` upande wa Lua, kila maagizo 100,000, ikifika mara ya hamsini itoe kosa. Kitanzi kisicho na mwisho kikafa vizuri. Mwenzangu akakifufua kwa njia tatu.

Ya kwanza ni `pcall`, niliyokuwa nimemwongezea kwa ukarimu. Kosa la ndoano linatokea ndani ya `pcall`, `pcall` inalimeza, kitanzi cha nje kinaanza upya. Nimeiondoa. Kanuni ya faini haina sababu ya kumeza makosa. Ikikosea tunataka tujue.

Ya pili ni korutini, yaani kazi ya pembeni inayoweza kusimama na kuendelea, ambayo nayo nilikuwa nimemfungulia. Ndoano iliyowekwa kwa `debug.sethook` ni ya uzi mmoja (mfuatano mmoja wa utendaji), na korutini mpya ni uzi mwingine, kwa hiyo humo ndani hakuna anayehesabu. Hapa kuna jambo ambalo nililiamini tu baada ya kufungua msimbo wa Lua wenyewe. Korutini inarithi ndoano ya C kutoka kwa mzazi wake. Lakini ile ya `debug.sethook` ni ndoano ya C inayotafuta funksheni yako kwenye jedwali kwa kutumia uzi kama ufunguo. Uzi mpya haumo kwenye jedwali, basi inaita hewa. Ukiweka ndoano moja kwa moja kwa `lua_sethook` kutoka C, urithi unafanya kazi kama unavyotarajia. Nimehamia C. Na `coroutine` nimeiondoa vilevile, maana haina kazi humu.

Ya tatu nilimpongeza kwa dhati. Alitumia `setmetatable` na `__gc`, yaani funksheni ambayo mzoataka anaiita kitu kinapokufa. Ndani yake akaweka kitanzi. Lua inazima ndoano zote wakati funksheni hizo zinakimbia. Hesabu haikusogea hata moja, na seva ikabaki inaunguruma. `setmetatable` nayo imetoka.

Orodha ya vinavyoruhusiwa inazidi kuwa fupi, na kila nikiifupisha nagundua kanuni za vikundi bado zinaandikika. Nilikuwa nimegawa vitu kwa mazoea.

Jumamosi, 15 Machi

Leo sikushika ulinzi. Nimekwenda kwa mama katibu, nimemkuta ameketi barazani na daftari la hisa mapajani. Shikamoo, marahaba, akanipisha kiti. Nilitaka aandike kanuni mwenyewe nione anakwama wapi.

Alikwama mahali pawili. Kwanza aliandika `fani` alipotaka `faini`, na Lua haikulalamika mpaka baadaye kabisa, kwa ujumbe wa Kiingereza kuhusu nil. Pili, alipogawanya faini ya Sh 3,000 kwa mbili akapata "Sh 1500.0", akavua miwani. "Hii nukta sifuri inatoka wapi? Sisi hatuna senti hapa."

La nukta ni la Lua tangu toleo 5.3: mgawanyo wa `/` daima hutoa namba ya desimali, na `//` ya namba nzima hubaki nzima. Kumfundisha alama mbili ni rahisi, ila nimeamua pia kwamba kiasi chochote kinachotoka kwenye kanuni kikiwa si namba nzima kinakataliwa kwa ujumbe unaosema hivyo. Pesa za watu hazikadiriwi.

La `fani` limenifurahisha, kwa sababu mazingira yaleyale niliyoyajenga kumzuia mgeni yanaweza kumsaidia. Nimeyapa metajedwali upande wangu: jina lisilokuwepo likitafutwa, hati inasimama papo hapo.

```
__index = function(_, jina)
  error("jina '" .. jina .. "' halijulikani", 2)
end
```

Ile 2 inafanya kosa lihesabiwe kwenye mstari wa mwandishi, si kwenye mstari wangu. Sasa anaona "kanuni:7: jina 'fani' halijulikani". Alisoma, akahesabu mistari kwa kidole, akafika wa saba, akaongeza herufi. Hakuniuliza.

Akauliza pia kanuni itajuaje leo ni tarehe ngapi. Saa ya kompyuta simpi mgeni. Nampa `leo`, tarehe ya mkutano kama ilivyoandikwa na katibu. Mkutano wa Januari ukihesabiwa tena Desemba wakati wa kugawana, lazima faini itoke ileile.

Jumatano, 19 Machi

Umeme umekatika mara mbili kwa mvua, lakini kazi imekwenda.

Jumatatu mwenzangu alileta la mwisho. Alijenga neno la herufi `a` 4,096 kwa kulirudufisha mara 12, akatafuta ndani yake ruwaza hii (kielelezo cha herufi zinazotafutwa; kila `.-` ni herufi zozote, chache iwezekanavyo): `.-.-.-.-.-.-.-.-b`. Alama kumi na saba. Hakuna `b` kwenye neno, kwa hiyo Lua inajaribu kila namna ya kuligawa neno kwa vipande vinane kabla ya kukata tamaa, na namna hizo ni namba ya tarakimu zaidi ya 20. Kazi yote hiyo inafanyika ndani ya funksheni moja ya C. Ndoano inahesabu maagizo ya Lua, na hapo hakuna agizo la Lua linalopita. Niliiacha dakika kumi, nikaizima kwa mkono.

Ningeweza kufuta `find`, `match`, `gmatch` na `gsub`, na nimezifuta. Lakini nimechoka kuwa nyuma ya mwenzangu hatua moja. Kwa hiyo injini ya mgeni imetoka kabisa ndani ya programu yetu. Sasa ni programu ndogo inayojitegemea: inaanzishwa na mtumiaji wa Linux asiye na ruhusa ya kusoma faili zetu, inapokea kanuni na rekodi za mkutano mmoja kwa bomba (njia ya kupitisha data kati ya programu mbili), inarudisha majibu kwa bomba, inakufa. Haijui hifadhidata iko wapi. Kabla ya kuanza inajiwekea kikomo kwa `setrlimit`: sekunde 1 ya kichakato, na ikifika 2 Linux inaiua bila kuomba ruhusa ya mtu. Tumezirudisha zile funksheni nne kwa muda, tukarudia ruwaza ya Jumatatu. Imekufa kwa sekunde moja, na programu yetu ikaandika kwenye kumbukumbu za mkutano: "Kanuni haikumaliza kwa wakati. Faini hazikubadilishwa."

Mazingira yamebaki palepale ndani yake, yakifanya kazi yanayoiweza: kuamua mwandishi wa kanuni anaona majina gani. Ndoano imebaki, maana inatoa ujumbe unaotaja mstari, na Linux haiwezi hilo. Kigawa kimebaki.

Kuanzisha mchakato mpya kwa kila mkutano kunaongeza muda kidogo. Kikundi cha watu 30 hakiwezi kuuona.

Jumamosi, 22 Machi

Toleo limeingia kwenye vikundi vyote vitatu. Cha kwanza na cha tatu nimewaandikia kanuni mimi kwa kufuata katiba zao. Mama katibu kaandika za kwake, mistari 22, na kipengele ambacho sikukijua: mwenye udhuru lazima awe ametoa taarifa kabla ya saa mbili asubuhi, la sivyo analipa nusu. Ametumia `//`.

Kabla hajaidhinisha alinikumbusha swali lake. Nikamwonyesha hati ya mwenzangu, ile ya stakabadhi, nikaiendesha mbele yake kwenye toleo jipya. Haikuona kitu. Kisha nikaendesha ile ya kitanzi, tukaiona pamoja ikikatwa.

Vilivyobaki: kupima kigawa na injini 30 kwa pamoja, ujumbe wa kosa la sintaksia (namna msimbo ulivyoandikwa) bado unatoka kwa Kiingereza, na mwenzangu anasema baada ya Idi ana wazo kuhusu `string.format`.